Wacha Kurusha Mbali, Samaki Yuko Hapa Karibu

Eldoret ni mji wa watu wa mbio. Toka nje saa kumi na moja asubuhi, shika barabara ya Kaptagat ama ya Iten, na utapishana na watu wamevaa jaketi wakikata ukungu kama hiyo ni kitu ya kawaida. Jina letu ni mji wa mabingwa, na tangu Agosti 2024 sisi ni jiji kabisa. Kwa hivyo najua nikisema hivi kuna watu watanicheka: wasee, hebu simameni. Simama kando ya maji masaa mawili bila kukimbia popote. Halafu ukishasimama, usirushe ndoano mbali.

Hoja yangu ya leo ni hiyo tu. Samaki yuko hapo karibu na miguu yako. Hapo ukingoni ndipo anakula, ndipo anazaa, ndipo watoto wake wanakulia. Na hapo hapo ndipo sisi vijana tunapaharibu. Nataka nikufundishe kuvua ukingoni kwa sababu naamini mtu akishajua kuvua mahali, ataanza kupalinda.

Najua swali la kwanza. "Samaki? Eldoret? Hiyo si mambo ya watu wa Kisumu?"

Hapana. Uasin Gishu imejaa mabwawa. Makaburu walifika huku 1908 na magari yao ya ng'ombe, na walowezi waliofuata wakachimba mabwawa mengi kwa ajili ya mifugo na mashamba. Wao walienda, mabwawa yakabaki. Mengine yamejaa tope, mengine yako ndani ya mashamba ya watu, na mengine ni ya umma mpaka leo. Kesses, kule upande wa Chuo Kikuu cha Moi, kuna bwawa kubwa ambalo wageni wakiliona wanadhani ni ziwa. Ukiuliza ni samaki gani wanavuliwa kwenye mabwawa yetu, majina utakayosikia sana ni mawili: tilapia na kambare. Halafu kuna vidimbwi vya kufugia. Serikali ilipoleta mpango wa kuchochea uchumi 2009, ilichimba vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, hata sehemu ambazo babu zetu walijua maziwa na mursik tu. Na hapa hapa Chuo Kikuu cha Eldoret kuna watu wanasomea mambo ya uvuvi mpaka wanapata digrii. Kwa hivyo usiniambie samaki ni wageni huku.

Lakini angalia sokoni. Samaki wengi tunaokula wametoka Ziwa Victoria, wengine Turkana, na kuna wale waliogandishwa wakasafiri kutoka China. Sina shida na mama anayewauza, anatafuta riziki. Shida yangu ni kijana anayekaa dakika kumi kutoka bwawani, Jumamosi nzima amelala akiangalia simu, halafu anasema mtaani hakuna kitu ya kufanya.

Ukingo ni nini hasa?

Mtu akifika bwawani mara ya kwanza, akili yake inamwambia samaki mkubwa yuko katikati, kule maji ni meusi. Anavuta mkono nyuma, anarusha kwa nguvu zote, uzi unaruka mita ishirini na tano, anajiona bingwa. Amewaruka samaki wote.

Fikiria kama samaki. Jua linafika chini kabisa pale maji ni ya kina kifupi, kwa hivyo mwani unamea pale. Mwani ni chakula cha tilapia. Wadudu wanaanguka kutoka kwenye nyasi. Mvua ikinyesha, minyoo na takataka zenye chakula zinaingizwa na maji kutoka juu. Kati ya matete kuna mahali pa kujificha ndege asikuone. Kule katikati kuna nini? Maji tu, na baridi.

Baridi ndio kitu ambacho watu wa huku wanasahau. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Tilapia anapenda maji ya nyuzi 25 kwenda juu. Yakishuka chini ya nyuzi 20, hamu yake ya kula inashuka pia, anakuwa mzito, anakaa tu. Sasa bwawa letu likipata jua, ni sehemu gani itapata joto kwanza? Ile ya kina kifupi. Kwa hivyo tilapia wa huku ana sababu mbili za kuja ukingoni: kula, na kuota jua kama sisi tunavyoota nje ya duka mwezi wa saba.

Hii sikuitoa kichwani tu. Niliwahi kutazama video ya jamaa wa Florida, kule Marekani, akifundisha kumvua spadefish karibu na nchi kavu. Huyo ni samaki wa baharini, bapa, wa mviringo, ana milia myeusi kama pundamilia aliyekaliwa. Hata bahari yetu ya Mombasa ina jamaa zake. Yeye hapendi maji matupu. Anazunguka nguzo za madaraja, maboya na meli zilizozama. Mdomo wake ni mdogo, kwa hivyo ndoano inakuwa ndogo. Na chambo chake kimojawapo ni konyeza, yule kiumbe laini kama jeli anayekuwasha ukimgusa. Huku kwetu hakuna bahari wala konyeza, lakini maswali ni yale yale: anajificha wapi, mdomo wake una ukubwa gani, na anapenda kula nini? Ukijibu hayo matatu kuhusu tilapia wa bwawa lako, umeshajua kuvua nusu.

Sasa twende kazi.

1. Usiende alfajiri

Kila mtu kwenye intaneti anasema amka mapema, samaki anakula asubuhi. Huo ushauri ni wa watu wa sehemu za joto. Huku saa kumi na mbili asubuhi hata wewe mwenyewe hutaki kushika kijiko. Kunywa chai yako. Fika bwawani saa nne hivi, jua likiwa limeanza kupasha maji, na uvue mpaka saa tisa ama saa kumi. Siku nzuri ni ile yenye jua baada ya mvua. Kambare ni mambo mengine, yeye anapenda giza na maji ya tope, na mvua ikianza anachangamka. Lakini usiende kumtafuta usiku peke yako. Nitaeleza kwa nini.

2. Tafuta kitu, usitafute maji

Matete, mti ulioangukia majini, mawe, mahali mkondo unaingia bwawani, kivuli cha ukuta. Weka ndoano kando ya kitu hicho, hatua moja ama mbili hivi, sio ndani yake, maana utanasa na kupoteza kila kitu. Maji ya kufika magotini mpaka kiunoni yanatosha kabisa. Ukiona mapovu madogo yakipanda, ama nyasi zikitikisika na hakuna upepo, kaa hapo.

3. Ndoano ndogo

Watu wananunua ndoano kubwa kama wanaenda kuvua mbuta. Mdomo wa tilapia ni mdogo, atakula chambo chote akuachie chuma kitupu. Namba 8 ama 10 iko sawa, na ukumbuke namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo, sio kubwa. Uzi wa nailoni mwembamba. Kama huna fimbo ya dukani, kata mwanzi wa mita tatu hivi, funga uzi wenye urefu kama wa mwanzi wenyewe. Kwa kuzamisha, nati moja ndogo ya baiskeli. Kwa kuelea, kipande cha ndara iliyokatika, kubwa kama kifundo cha kidole. Ukifunga kipande hicho kiasi cha nusu mita juu ya ndoano, uko tayari. Kwa mwanzi mfupi hivyo hata ukitaka kurusha mbali hutaweza, na hiyo ndiyo raha yake.

4. Chambo kiko jikoni

Ugali wa jana. Uponde, ongeza unga wa ngano kidogo na tone la maji, kanda mpaka ushike kama udongo wa mfinyanzi. Tengeneza kidonge kidogo kama punje ya mahindi, kifiche kichwa cha ndoano. Mkate unafanya kazi lakini unalowa haraka na kutoka. Minyoo ndiyo mfalme, tilapia anaikula na kambare anaikula. Chimba mahali ng'ombe wanalala ama kando ya rundo la taka za shamba, utaipata. Panzi pia. Kabla ya kuanza, tupa vipande vidogo vya ugali pale unapotaka kuvua, kidogo tu, ukimuita mgeni mezani bila kumshibisha.

5. Miguu yako ina kelele

Samaki hakusikii ukiongea sana, lakini anasikia ukikanyaga. Mtikisiko wa ardhi unaingia moja kwa moja majini. Vijana wanafika bwawani wakirukaruka, wamebeba spika, halafu wanashangaa kwa nini hakuna kitu. Tembea polepole hatua za mwisho. Simama nyuma kidogo ya maji, mita moja ama mbili. Angalia kivuli chako kinaangukia wapi, kikiangukia majini badilisha upande. Kwa samaki, kivuli ni ndege anakuja kumla.

6. Usivute mapema

Tilapia anaonja kwanza. Kile kipande cha ndara kitacheza, kitatetemeka, kitatulia. Wewe tulia pia. Kikianza kutembea upande ama kuzama kabisa, inua mwanzi kwa mkono laini, usiuvute kama unang'oa mti. Ukimpata, lowanisha mkono kabla ya kumshika, kisha upitishe kutoka kichwani kwenda mkiani ili miiba ya mgongoni ilale. Kambare ana miiba miwili ya kando karibu na kichwa, hiyo inachoma vibaya, mshike nyuma yake.

Hayo ndiyo yote. Gharama yake ni ya ndoano na uzi peke yake.

Sasa ile sehemu nilikuwa nataka kufika.

Kuna Jumamosi moja nilikuwa kwenye bwawa fulani nje ya mji. Wakaja vijana wawili wadogo, mmoja kama miaka kumi na mbili, na chandarua. Wakaingia mpaka magotini, mmoja kila upande, wakakokota ile chandarua kando ya matete na kuinua. Wakamwaga kwenye karai. Nikasogea kuangalia. Ndani kulikuwa na vifaranga vya samaki, wengine warefu kama kijiti cha kiberiti, wengi huwezi kuhesabu.

"Brathe, unavua na kijiti?" yule mkubwa akaniuliza.

"Eeh. Na hao mnapeleka wapi?"

"Wengine tunakaanga. Wengine tunapea kuku."

Nikampa mwanzi. Nikamwonyesha mahali, nikamwekea chambo, tukakaa. Saa moja na nusu ikapita. Akapata tilapia wawili wazuri na mmoja mdogo ambaye tulimrudisha. Alifurahi, mkono ulikuwa unatetemeka kumtoa wa kwanza. Halafu akaangalia wale wawili, akaangalia karai, akaniambia ukweli wake:

"Lakini neti ni fasta, brathe."

Nimefikiria sana hilo jibu, kwa sababu yuko sawa. Neti ni fasta. Mtu mwenye njaa leo huwezi kumhubiria kuhusu mwaka ujao. Na mimi siwezi kujifanya ndoano itashinda chandarua kwa idadi, haitashinda hata siku moja.

Lakini hebu tufanye hesabu ya lile karai. Kwenye vidimbwi vya kufugia, maji yakiwa na joto na chakula kikiwepo, tilapia anafika gramu 250 hivi kwa miezi sita mpaka minane. Kwetu na baridi hii anachelewa zaidi. Sio kila kifaranga anaishi, wengi wanaliwa na ndege na samaki wengine. Tuseme katika karai zima wangebaki ishirini tu. Hao ishirini ni chakula cha jioni cha familia kwa siku kadhaa. Kama vifaranga, walikuwa vijiko vitatu vya kitu cha kukaanga.

Na kuna jambo lingine ambalo yule kijana hakuwa amewahi kuambiwa. Tilapia dume anachimba shimo la mviringo kama sahani kwenye tope la kina kifupi. Jike anataga hapo, halafu anayachukua mayai yote mdomoni. Anakaa nayo mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata wakishaanguliwa, hatari ikija watoto wanakimbilia ndani ya mdomo wa mama yao. Muda wote huo hali vizuri. Sasa ukikokota chandarua kando ya matete unachukua watoto, unachukua mama, na unafuta zile sahani. Kwa mvuto mmoja umemaliza misimu miwili. Na kama hiyo chandarua ni ile yenye dawa ya mbu, dawa yenyewe ni sumu kwa samaki.

Sheria ya uvuvi ya 2016 inakataza kuvua kwa sumu, baruti na umeme, na mambo ya matundu ya nyavu yana kanuni zake. Lakini nani atasimama kwenye kila bwawa la Uasin Gishu kukagua chandarua za watoto? Hakuna afisa anayetosha. Anayeweza kutosha ni kijana anayekaa karibu, mwenye mwanzi wake, anayejua ni wapi samaki wanazaa kwa sababu yeye mwenyewe huvua hapo. Mtu kama huyo hahitaji kuambiwa na afisa. Akiona chandarua atauliza swali, kwa sababu hao ni samaki wake wa mwezi wa pili.

Ndio maana sikubaliani na wanaosema ndoano ni mchezo wa watu wenye pesa na nafasi. Mwanzi, nati na ugali wa jana, hiyo pesa iko wapi? Sikubaliani pia na wale wanaotaka watoto wafukuzwe mabwawani kabisa. Ukimfukuza atarudi usiku na ile ile chandarua. Mpe kitu kizuri zaidi cha kufanya hapo. Na kwa wavuvi wenye vibali wanaovua katikati na nyavu za saizi inayofaa, hiyo ni kazi yao, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni wa ukingoni.

Na ukingo sio wa mabwawa tu. Shuka hapo Sosiani, mto unaopita katikati ya mji wetu. Unatoka msitu wa upande wa Kaptagat, kule Kipchoge anakofanyia mazoezi, ukiwa safi. Ukishapita mjini umebeba chupa, nepi, maji ya kuoshea pikipiki, kila kitu. Unadhani inaishia hapo chini ya daraja? Sosiani inaingia Kipkaren, Kipkaren inaingia Nzoia, Nzoia inamwaga Ziwa Victoria. Sisi tunatupa takataka upande huu, halafu upande ule tunanunua samaki na kulalamika bei. Yaani samaki wa kwenye sahani yako anaogelea mwishoni mwa mto wako mwenyewe. Nani angevua Sosiani hapo mjini leo? Hakuna. Na kwa sababu hakuna anayevua, hakuna anayejali ukingo wake ukoje.

Kwa hivyo kanuni zangu ni hizi, na ningependa tukubaliane nazo kama wasee wa mji mmoja. Samaki mfupi kuliko kiganja chako na vidole vyake, rudisha. Jike ambaye ukimshika anatema mayai ama watoto, mrudishe haraka na uhame hapo. Ukiona yale mashimo kama sahani chini ya maji, usiyakanyage na usivue juu yake. Chukua wa kutosha sufuria moja. Uzi uliokatika usiuache, ndege na mbwa wananaswa nao; ukunje, uweke mfukoni. Na kabla ya yote, omba ruhusa. Bwawa la shamba la mtu ni la mtu, na yale ya kutuletea maji ya mfereji yana ulinzi wake, usiruke ua. Bwawa la umma likiwa na kamati, waulize wao, ama uulize ofisi ya uvuvi ya kaunti. Mzee akikukuta hapo, msalimie kwanza. Wazee wanajua bwawa kuliko video yoyote. Mwambie "chamgei" na utaonyeshwa kona ambayo hujawahi kuiona.

Lile la usiku sasa. Mabwawa yetu yanaua. Mengi yalichimbwa, kwa hivyo hayana mteremko wa pole kama ziwa. Unapiga hatua tatu maji yako magotini, ya nne hakuna chini. Tope la kando linashika mguu. Maji ni baridi na mwili unakufa ganzi haraka. Kila mara mvua zikikolea tunasikia mahali fulani mtoto amezama. Hii ni sababu nyingine ya kuvua karibu: mtu anayevua ukingoni na mwanzi hahitaji kuingia majini hata siku moja. Miguu yake iko kwenye nyasi. Yule wa chandarua lazima aingie. Nenda na mwenzako, nenda mchana, na ndoano ikinasa, kata uzi. Ndoano ni shilingi chache tu. Usivue nguo kuifuata.

Jumamosi hii, kama kuna jua, chukua mdogo wako, ama yule mtoto wa jirani ambaye kila mtu anasema ni mtundu. Bebeni ugali. Mkifika msimwambie mambo ya kulinda mazingira, atalala. Mpe mwanzi, mwonyeshe matete, mwambie asikanyage kwa nguvu. Akipata wa kwanza atataka kujua wengine wanatoka wapi, na hapo ndipo umwambie habari za mama anayebeba watoto mdomoni.